Nani Aliung'oa Mhadasi

Mererid alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga tena ghuba ya Porth Helyg. Alimwapia mama yake kule kwao Penclawdd, akamwapia na mdogo wake aliyemcheka, kisha akaendesha gari tangu kusini mpaka huku kwetu kwenye ncha ya kaskazini akijikumbusha kiapo hicho kila alipoiona bahari. Anakwenda harusini. Ataimba, atakula, atambusu bibi harusi, atarudi. Basi. Lakini asubuhi ya harusi aliamka nyumba ya wageni ikiwa bado kimya, akavaa viatu vya kutembelea, akajidanganya kwamba ananyoosha miguu kidogo tu juu ya majabali. Miguu haikuwa na adabu. Ilimpeleka kulekule.

Njiani alikutana na kondoo wenye alama ya rangi ya bluu begani. Aliijua alama hiyo. Ni ya shamba la Pen-y-graig, na kwa miaka mingi mkono uliokuwa ukiipaka ulikuwa wa Gethin. Alisimama, moyo unamwenda mbio kwa ajili ya kondoo, mtu mzima yeye, akajionea aibu. Kondoo wakamtazama wakaendelea kula.

Nikwambie kilichokuwa kimetokea, maana hapa kijijini sote tunakijua. Miaka tisa iliyopita Mererid alikuja kufundisha muziki kwenye shule yetu. Binti wa wauza kombe wanaookotwa kwenye tope la pwani ya kwao, mrefu, mcheshi, anaongea kwa mdomo, mikono na nyusi kwa pamoja kama watu wa kusini wote. Akampenda Gethin, ambaye ukimpa habari ya msiba au ya bahati nasibu atakujibu "eh". Hatukuelewa wanazungumza nini wawili wale, lakini walikuwa wakishuka Porth Helyg kila Jumapili baada ya ibada na kurudi jua likizama, na Gethin anatabasamu. Hilo peke yake lilikuwa ajabu.

Dada mkubwa wa Gethin alipoolewa, Mererid alikuwa mmoja wa wasimamizi wake. Na kwetu bibi harusi hubeba mhadasi, kile kichaka cha maua meupe yenye harufu, kwenye shada lake, kisha humpa kila msimamizi kitawi akapande nyumbani kwake. Kikishika mizizi, na yeye ataolewa. Mererid hakuwa na nyumba huku, alikuwa amepanga chumba. Alisimama langoni Pen-y-graig na kitawi mkononi akicheka kwamba atakipanda ndani ya kikombe. Gethin alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akasimama. Akasema, "Chini ya dirisha la jikoni pana jua."

Mwanaume wa kwingine angepiga goti. Gethin alikuwa amemaliza. Mererid akaelewa, akapanda, akauzungushia mche wake magamba ya kombe aliyoletewa kutoka kwao. Mche ukashika, ukatoa majani mapya.

Mavuno yalipokwisha Mererid alikwenda kwao wiki moja ya mapumziko ya shule. Aliporudi alikwenda moja kwa moja Pen-y-graig, akakuta Gethin yuko mnadani na kondoo, na chini ya dirisha hapana kitu. Haukuwa umenyauka. Ulikuwa umechimbwa kwa sepetu, udongo ukasawazishwa vizuri, hata magamba hayapo. Bi Annest, mama yake Gethin, alikuwa dirishani anakausha sahani. Alisema, "Mvua itanyesha," akafunga pazia.

Sisi watu wa huku hatusemi. Tunatenda, halafu tunamwachia mtu aelewe mwenyewe. Mererid alikuwa amekaa nasi kiasi cha kuambukizwa ugonjwa huo. Gethin aliyezungumza kwa kumwonyesha pa kupanda alikuwa amezungumza tena kwa kung'oa, na jibu lilikuwa hapana. Akafungasha siku hiyohiyo. Hakuuliza.

Sasa Cadi, mdogo wake Gethin, msichana aliyefundishwa kuimba na Mererid, ndiye anayeolewa, na ndiye aliyemwalika huku mama yake amenuna. Na Mererid anateremka Porth Helyg akishika majani ya ukingoni asiteleze.

Kule chini pana ghuba ndogo ya mawe, na nyumba ya zamani walimokuwa wakikaushia samaki, paa lilianguka kabla hatujazaliwa. Kuta zake zinazuia upepo. Ndani ya kuta hizo walikuwa wakikaa, yeye na Gethin, wanakula mkate wa zabibu. Mererid aliinama kupita mlangoni, akapigwa na butwaa.

Mhadasi. Mkubwa, unamfika kifuani, umejaa maua meupe. Matawi kadhaa yalikuwa yamekatwa karibuni, mikato yake bado mibichi. Na chini, kuuzunguka, magamba ya kombe.

Aliinama akaokota moja. Pwani yetu hii ni mawe matupu, haina kombe. Alijua gamba hilo lilitoka tope gani.

"Usiyakanyage hayo magamba, dada! Mama mkwe atanichinja mimi!"

Mererid aligeuka. Mlangoni alisimama mwanamke wa umri wake, mashavu mekundu kwa kuteremka, kikapu mkono mmoja na mwingine ameuweka kiunoni kubeba mimba iliyokwisha kuwa kubwa.

"Samahani," Mererid alisema. "Nilikuwa natazama tu."

"Aa, lafudhi hiyo! Wewe ndiye Mererid wa Cadi. Amekusema mpaka tumechoka. Mimi Siwan, wa Pen-y-graig." Akatabasamu. "Mke wa Gethin."

"Nimefurahi kukufahamu," Mererid alisema, na sauti yake ikatoka sawasawa, akaishukuru.

Siwan anatoka Bala, milimani. Alikuja hapa kama bibi harusi, miaka mitatu sasa, na hakuna mtu kijijini aliyewahi kumwambia habari za Mererid. Hiyo nayo ndiyo tabia yetu.

"Nimetumwa maua ya meza," Siwan alisema, akitoa mkasi kikapuni. "Mama mkwe alishuka mwenyewe jana kukata ya shada la Cadi. Na lile goti lake! Nikamwambia mama, nipe mimi nikakate. Akakataa katakata."

"Mti ni wake?"

"Wake, tena ukimuuliza anakuwa mkali, na mbele ya Gethin hataki utajwe kabisa. Kila baridi ikiisha anashuka huku, anang'oa magugu, anautazama weee, halafu anapanda mlima amenuna siku nzima. Nikamuuliza siku moja, mama, kwa nini mti mzuri hivi uko shimoni na si pale nyumbani? Akasema pale nyumbani kuna upepo."

"Na Gethin anasemaje?"

"Gethin?" Siwan alicheka. "Hashuki huku hata umpige. Anasema kumejaa popo. Mwanaume mzima! Mimi sijaona popo hata mmoja."

Mererid aliinua uso kutazama kuta. Hakukuwa na popo wakati ule pia. Neno moja lilikuwa likigeuka na kugeuka kichwani mwake: Annest. Hakuwa Gethin. Miaka minane yote hiyo, na hakuwa Gethin.

"Dada, umepauka," Siwan alisema. "Hujanywa chai, sivyo? Nyinyi wageni mnatembea na tumbo tupu. Hebu nishike mkono, twende. Nikikata haya tutapanda wote, mimi nikushike wewe, wewe unishike mimi, tusipofika tutabingirika pamoja."

Basi walipanda wameshikana mikono. Siwan alikuwa anahema na kucheka, anahadithia mtoto anavyompiga mateke wakati wa mahubiri. Mererid alitamani awe mbaya. Angalau awe na roho mbaya kidogo. Hakuwa nayo.

Kanisa letu dogo lilijaa. Baba yao Cadi amekwisha kufariki, kwa hiyo aliyemwingiza bibi harusi alikuwa Gethin. Alikuwa amevaa suti ya harusi yake mwenyewe, imembana mabegani. Mererid alisimama mbele na kwaya ndogo, na alipoinua macho kutoka kwenye kitabu cha nyimbo yakakutana na ya Gethin katikati ya kanisa.

Gethin alikosa hatua. Cadi alimvuta mkono taratibu, wakaendelea. Ni hilo tu. Lakini mimi nilikuwa kiti cha tatu, nikaona uso wa mtu aliyeulizwa jambo lililomchosha miaka. Mererid akaanza kuimba. Aliimba wimbo mzima bila sauti kutikisika, na alipoketi akaikalia mikono yake.

Chakula kilikuwa kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa. Nyama ya nguruwe ya baridi, viazi, mkate wa zabibu, chai kwenye mabirika makubwa. Mjomba Wil, ambaye hajawahi kuona mgeni asimtanie, alimsogelea Mererid na sahani yake.

"Kumbe bado hai! Huko kusini bado mnakula majani ya baharini?"

"Tunayala, mjomba. Ndiyo maana tuna sauti."

"Sauti mnazo. Mnaongea kama mmelipwa kwa neno. Mume umepata?"

"Bado."

"Wanawake wa kusini! Mngenyamaza siku moja moja mngeolewa wote." Akacheka mwenyewe, akamgusa bega kwa upole. "Tulikukumbuka, msichana. Hukuaga."

Mererid alijikaza akatabasamu. Kisha akachukua rundo la vikombe vichafu, akaenda nalo jikoni, kwa sababu alikuwa amemwona Bi Annest akiingia humo peke yake.

Bi Annest alikuwa kwenye beseni, mgongo umenyooka, kofia ya harusi bado kichwani. Ni mwanamke mdogo wa umbo, na hatujawahi kumwona ameketi mahali penye kazi. Hakugeuka.

"Weka hapo," alisema.

Mererid aliweka vikombe. Akatoa gamba la kombe mfukoni, akaliweka pembeni ya beseni, karibu na sabuni.

"Nimetoka Porth Helyg asubuhi," alisema.

Mikono ya Bi Annest ilisimama ndani ya maji. Ukumbini watu walianza wimbo, sauti za wanaume zikaitikia.

"Umemwambia?" Bi Annest aliuliza.

"Sijamwambia mtu."

"Siwan?"

"Siwan alikuwa anakata maua. Anakusifu."

Bi Annest alitoa mikono majini akaifuta polepole kwenye aproni, kidole kimoja kimoja. Alipogeuka, Mererid aliona amezeeka. Alikuwa amembeba moyoni tangu asubuhi kama jitu, kumbe ni kizee kinacholihurumia goti lake.

"Niliung'oa kwa mikono yangu," Bi Annest alisema. "Ulipokwenda kwenu. Nilichukua sepetu ya Gethin."

"Kwa nini, Bi Annest? Nilikukosea nini?"

"Hukunikosea. Ungekuwa na makosa ningelala vizuri." Alitafuta kiti kwa macho lakini hakuketi. "Mume wangu alikuwa amekufa mwaka mmoja. Dada yao amekwenda zake. Cadi mtoto. Na wewe ulikuwa unacheka, unaimba, unamhadithia habari za kwenu, na Gethin wangu anasikiliza mdomo wazi. Nilijua ukimwambia neno moja tu, twende, atakwenda. Shamba lingekufa. Mimi ningebaki na mbwa."

"Nisingemwambia twende. Nilipanda dirishani pako! Mtu anayetaka kuondoka anapanda?"

"Sasa najua."

"Ungeniuliza, mama!"

Neno hilo, mama, lilimtoka bila kutaka. Bi Annest alikunja uso kana kwamba amechomwa.

"Ningekuuliza," alisema. "Hatuna mazoea. Nilikuwa naupeleka nikautupe baharini, ukweli ndio huo. Nimefika kule chini nikashindwa. Mhadasi wa harusi mtu hautupi. Nikachimba palepale. Nikasema, utakufa wenyewe. Nikarudi baada ya wiki kuangalia kama umekufa."

"Haukufa."

"Haukufa." Alilitazama gamba. "Kila mwaka naenda kuangalia. Kila mwaka umekua. Umeniadhibu vya kutosha ule mti."

Mererid alikuwa analia sasa, machozi yanatiririka tu bila kelele, hasira na huruma zimechanganyika hata hajui analilia kipi. Alililia mikate ile ya Jumapili. Alililia nyumba yenye dirisha la jikoni ambamo alikuwa amekwisha kujiona amesimama.

"Mwambie ukitaka," Bi Annest alisema. "Sikuombi usimwambie. Ni haki yako. Naomba tu usubiri Siwan ajifungue. Yule msichana hana kosa. Alipoteza mmoja mwaka jana."

Alichukua kikombe akaanza tena kuosha. Mererid alitoka kwa mlango wa nyuma.

Nje manyunyu yalikuwa yamekatika. Nyuma ya kanisa letu pana ukuta wa mawe, na ng'ambo ya ukuta mashamba yanateremka mpaka baharini. Gethin alikuwa ameegemea hapo, tai mfukoni, kana kwamba anangoja mtu ampe ruhusa ya kurudi kwa ng'ombe. Alimwona, akasimama wima.

"Mererid."

"Gethin."

Mererid alimtazama. Aliona kwamba mvi zimeanza masikioni mwake, na kwamba bado anajikata akinyoa, palepale chini ya kidevu. Zamani angenyoosha mkono akapagusa.

"Umeimba vizuri," alisema Gethin.

"Asante."

"Safari ilikuwa njema?"

"Ndefu."

"Eh."

Mererid akakaribia kucheka. Ndiye huyu. Miaka yote, na ndiye huyuhuyu. Kisha Gethin akautazama ukuta, akakwangua kuvu kwa kucha, na akasema kitu ambacho nadhani alikuwa amekifanyia mazoezi kwenye trekta mara nyingi.

"Uliupanda wapi?"

"Nini?"

"Mhadasi. Siku ile uliyokwenda kwenu, niliporudi kutoka mlimani nikakuta umeuchukua na magamba yako. Nilitaka kujua tu. Uliupanda wapi?"

Upepo ulipita kati yao. Mererid aliweka mkono juu ya ukuta. Hilo hakuwa amelifikiria. Jikoni alikuwa ameelewa nusu ya jambo tu. Kumbe Gethin naye aliona udongo umesawazishwa, akaona aliyeupanda amekwenda kwao, akaelewa kwa namna ile yetu ya kuelewa. Wawili wamesimama mbele ya shimo moja, kila mmoja anadhani ni mwenzake aliyechimba.

"Ulidhani mimi ndiye niliyeung'oa?" aliuliza polepole.

"Nani mwingine?"

Hapo neno lilimfika mdomoni. Lilikuwa neno moja, jina la mtu aliye jikoni. Angelitamka, na miaka minane ingefutika kwenye uso ule.

"Nilikufuata," Gethin alisema. Aliongea akitazama bahari, haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla haujamshinda. "Hujui hilo. Hakuna ajuaye. Nilichukua gari la kondoo nikaenda. Nilifika mpaka Aberystwyth, nusu ya njia. Nikakaa kwenye gari pale ufukweni, nikajiuliza, nikifika nitasema nini? Mtu akikataa kwa mdomo unaweza kubishana naye. Lakini aliyeng'oa mpaka mizizi? Nikageuza."

"Gethin..."

"Sikulaumu. Ningependa tu kujua, ilikuwa kwa sababu ya mama? Au shamba? Au mimi sikusema vizuri? Siwan ananiambia sisemi vizuri." Akameza mate. Kisha akamgeukia, na macho yake yalikuwa yaleyale ya kanisani. "Hebu niambie kwamba hukutaka kuung'oa. Niambie hivyo tu, Mererid. Sijui nitafanya nini. Lakini niambie."

Yeye hakujua atafanya nini, lakini Mererid alijua. Alimjua mtu huyu. Gethin hawezi kulibeba jambo kama hilo akarudi nalo mezani, akapitishiwa chumvi na mama yake. Angeondoka Pen-y-graig siku hiyohiyo bila neno. Na Siwan angebaki pale dirishani na mtoto wake, anakausha sahani, hajui alichokosa.

Kutoka ukumbini ilisikika sauti ya Siwan, ana cheko lile la kuhema. "Gethin! Jamani nani kamwona mume wangu? Keki inakatwa!"

Mererid alivuta pumzi mpaka ikamuuma.

"Niliung'oa mimi," alisema.

Gethin hakusogea.

"Niliogopa," alisema tena. "Nilikuwa mdogo, na huku ni mbali na kwetu. Sikujua namna ya kukuambia. Niliupanda nyumbani, nyuma ya ua."

"Ukashika?"

"Haukushika." Alijilazimisha kumtazama. "Wiki mbili, ukafa. Si kosa lako. Ulisema vizuri, Gethin. Ulisema vizuri sana, nilielewa kila neno."

Alikubali kwa kichwa, mara moja, halafu mara nyingine. Mabega yake yalishuka. Huenda ilikuwa huzuni, huenda ilikuwa nafuu ya mtu aliyengoja hukumu muda mrefu hata akaitamani. Mimi nilimwona akirudi ukumbini baadaye, na nasema vilikuwa vyote viwili.

"Udongo wa kwenu una chumvi," alisema mwishowe.

"Eh," alisema Mererid.

Gethin akatabasamu kidogo. Akaifunga tai vibaya, akasita, akanyoosha mkono akamsalimia kama anavyosalimia watu wa mnadani, akaushikilia mkono wake muda kidogo zaidi ya inavyopasa, akauachia. Alipofika mlangoni Siwan alimfungua tai akaifunga upya, anamkaripia, na Gethin aliinama kidogo ili amfikie. Mererid aliona. Alikaa ukutani mpaka baridi ikamwingia.

Hakungoja dansi. Alimuaga Cadi, aliyemlilia begani na kumwachia poda kwenye gauni, akaenda mahali alipoegesha gari kando ya barabara. Alikuwa amekwisha kufungua mlango aliposikia hatua, moja nzito moja nyepesi. Bi Annest alikuwa anakuja na lile goti, bila kofia, nywele zimetimuliwa na upepo. Alikuwa ameshika kopo la maziwa lililojaa udongo, na ndani yake kitawi cha mhadasi kimesimikwa wima, majani yanang'aa kwa maji.

"Nilikuwa mlango wa nyuma," alisema. "Nilisikia."

Mererid aliushikilia mlango wa gari.

"Nilidhani utamwambia. Mimi ningemwambia." Midomo ya Bi Annest ilitetemeka, na sisi tuliomjua maisha yetu yote hatujawahi kuona midomo hiyo ikitetemeka, hata makaburini. Alimnyooshea kopo kwa mikono miwili. "Ni wa mti wako. Sina kingine cha kukupa, binti. Uchukue. Udongo nimeuchekecha, hauna chumvi."

Mererid alikitazama kitawi kile. Alikigusa jani moja, akalisugua, akanusa vidole. Harufu ilikuwa ileile ya langoni, siku ya ndoo ya maji. Kisha akalirudisha kopo taratibu kifuani kwa yule mama, akaikunja mikono ya mama huyo juu ya kopo kama mtu anayemfunga mtoto shali.

"Upande dirishani," alisema. "Pale pana jua. Mwambie Siwan ni wa mtoto."

"Na Gethin?" Bi Annest aliuliza, machozi sasa yanamtoka waziwazi barabarani. "Siku moja akiuliza umetoka wapi? Nitamjibu nini?"

Mererid aliingia ndani ya gari, akafunga mkanda, akateremsha kioo.

"Hatauliza, mama," alisema. "Nyinyi watu wa huku hamuulizi."